Kujaza si kuhifadhi, kuhifadhi si kutuma: Somo la fomu za mtandaoni kwa wakazi wa Kidodi

Na Mwandishi Wetu

KUJAZA fomu kwenye kompyuta ni jambo moja, kuihifadhi ni jambo la pili, na kuituma ni jambo la tatu. Wananchi wengi huyachukulia mambo hayo matatu kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo zinapopotea nafasi za masomo, za kazi na hata haki nyingine za msingi.

Kwa mkazi wa Kata ya Kidodi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, tofauti hiyo si suala la kuwaachia wataalamu wa kompyuta peke yao. Ni suala la nauli, la siku ya kazi iliyopotea shambani, na wakati mwingine la mwaka mzima wa masomo.

Kidodi ipo kando ya barabara ya lami itokayo Mikumi kuelekea Kidatu, katika ukanda wa mashamba ya miwa yanayolisha viwanda vya sukari vya Kilombero. Makao makuu ya wilaya yako Kilosa mjini, na kutoka Mikumi peke yake hadi huko ni mwendo wa zaidi ya kilomita 70.

Enzi za karatasi, mwenye shida ya fomu ya serikali alifunga safari kuifuata ofisini, akaijaza kwa kalamu na kuiacha mikononi mwa karani. Alirudi nyumbani akijua kwamba karatasi yake imepokelewa, hata kama majibu yangechukua miezi.

Leo hali imebadilika. Mkopo wa elimu ya juu, kazi serikalini, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara na hata mabadiliko ya tahasusi kwa mhitimu wa kidato cha nne, vyote vinapitia kwenye fomu za kielektroniki. Karani amegeuka kuwa kioo cha kompyuta, na kioo hakimwambii mtu kila mara iwapo kazi yake imepokelewa au la.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya kompyuta mtu anapojaza fomu, kwa nini maandishi hupotea, na namna ya kuhakikisha kwamba jasho la mwombaji haliendi bure.

Ilikotoka fomu ya kielektroniki

Tanzania imetoka mbali na kompyuta. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vifaa hivyo nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya kompyuta kuwa kifaa cha kawaida maofisini.

Huko duniani, mambo mawili ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyozaa fomu tunazozijua leo. Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa muundo wa hati uitwao PDF, unaoifanya hati ionekane vilevile kwenye kompyuta yoyote. Mwaka 1995 kanuni za uandishi wa kurasa za tovuti zilitolewa rasmi zikiwa na sehemu ya fomu, yaani visanduku vya kuandikia na kitufe cha kutuma.

Hapa nchini, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Katika miaka yake ya mwanzo waombaji walijaza fomu za karatasi, na baadaye maombi yakahamia mtandaoni. Mwaka 2012 ilianzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo mwaka 2019 iligeuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwaka 2017 ukaanza mfumo mmoja wa malipo ya Serikali, ule unaompa mlipaji kumbukumbu namba ya malipo, maarufu kama kontro namba.

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilikamilisha picha hiyo. Sensa ya mwaka 2012 ilitumia madodoso ya karatasi, lakini ile ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanyika kwa vishikwambi. Kila kaya nchini, zikiwamo za Kidodi, ilijaziwa fomu ya kielektroniki, hata kama mwenye kaya hakugusa kifaa chochote.

Maandishi hukaa wapi?

Ili kuelewa kwa nini fomu hupotea, ni lazima kwanza kujua mahali maandishi yanapokaa.

Mtu anapoandika jina lake kwenye kisanduku cha fomu, herufi hizo huonekana mara moja kwenye kioo. Hata hivyo, kuonekana huko hakumaanishi kwamba zimehifadhiwa. Wakati huo herufi hizo zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, sehemu ambayo hufutika pale umeme unapokatika au programu inapofungwa.

Inafanana na kuandika kwa chaki ubaoni. Maandishi yanasomeka vizuri, lakini yeyote apitaye na kifutio huyaondoa yote, wala hakuna daftari lililobaki na nakala.

Kuhifadhi ni kuyatoa maandishi hayo kwenye kumbukumbu ya muda na kuyaweka mahali pa kudumu. Mahali hapo panaweza kuwa pa aina mbili. Pa kwanza ni diski ya kompyuta yenyewe au flashi, ambako maandishi hukaa kama faili lenye jina. Pa pili ni seva, yaani kompyuta kubwa ya taasisi husika, ambayo huenda iko Dar es Salaam au Dodoma, na ambayo hufikiwa kwa njia ya intaneti.

Kutuma ni hatua nyingine kabisa. Ni kuiambia taasisi kwamba mwombaji amemaliza, anathibitisha alichoandika, na ombi lake lifanyiwe kazi. Fomu iliyohifadhiwa kwenye seva lakini haikutumwa ni sawa na barua iliyofungwa vizuri katika bahasha na kuachwa mezani. Imeandikwa, ipo salama, lakini hakuna atakayeijibu.

Ndiyo maana katika mifumo mingi kuna vitufe viwili tofauti. Kimoja huandikwa "Save", chenye maana ya hifadhi, na kingine "Submit", chenye maana ya tuma au wasilisha. Mwombaji asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili anaweza kubonyeza la kwanza mara kumi, akaondoka akiamini amemaliza.

Fomu za PDF na mtego wake

Fomu za kielektroniki ziko za aina kuu mbili, na kila moja ina mtego wake.

Aina ya kwanza ni faili la PDF linalopakuliwa kutoka kwenye tovuti. Baadhi ya mafaili haya ni picha tu ya karatasi, hayaruhusu kuandika chochote, na lazima yachapwe na kujazwa kwa kalamu. Mengine yana visanduku vya kuandikia ndani yake.

Kwa miaka mingi aina hii iliwatesa watumiaji duniani kote. Programu ya bure ya kusomea mafaili hayo iliruhusu mtu kujaza visanduku na kuchapa, lakini haikumruhusu kuhifadhi alichojaza, isipokuwa pale mtengenezaji wa fomu alipotoa ruhusa hiyo maalumu. Mtu alimaliza kurasa zote, akafunga faili, na alipolifungua tena alikuta visanduku vitupu. Kizuizi hicho kiliondolewa katika toleo la programu hiyo lililotoka mwaka 2012.

Hata hivyo, kompyuta kuukuu zenye programu za zamani bado zipo, na tatizo linalofanana na hilo limebaki katika sura nyingine. Siku hizi watu wengi hufungua PDF moja kwa moja ndani ya kivinjari cha intaneti bila kulipakua kwanza. Wanajaza humo humo, kisha wanafunga ukurasa. Kwa kuwa faili halikuwahi kuwekwa kwenye kompyuta, kilichojazwa hupotea pamoja na ukurasa.

Dawa yake ni kubadili mpangilio wa kazi. Pakua faili kwanza na ulipe jina lako, kwa mfano jina la ukoo, aina ya fomu na mwaka. Fungua faili hilo kutoka kwenye kabrasha ulimoliweka, wala si kutoka kwenye tovuti. Jaza sehemu chache za mwanzo, hifadhi, funga kabisa, kisha fungua tena.

Ukikuta maandishi yako yapo, endelea kwa amani. Ukikuta visanduku ni vitupu, umegundua tatizo ukiwa umepoteza dakika tano badala ya saa mbili. Jaribio hilo dogo la kufunga na kufungua ndilo kipimo cha uhakika kuliko maelezo yoyote ya mtoa huduma.

Fomu za tovuti na saa isiyoonekana

Aina ya pili ni fomu inayojazwa ndani ya tovuti yenyewe, baada ya mwombaji kufungua akaunti. Mifumo ya Bodi ya Mikopo na ya ajira serikalini ni ya aina hii.

Mtego wa kwanza wa aina hii ni muda. Kwa sababu za usalama, mifumo mingi humtoa mtumiaji nje iwapo atakaa kwa muda fulani bila kubonyeza kitufe chochote kinachowasiliana na seva. Kuandika peke yake hakuhesabiwi kila mara kuwa ni mawasiliano. Mwombaji anaweza kutumia nusu saa akiandika ukurasa mmoja kwa kidole kimoja, na anapobonyeza kitufe anarudishwa mlangoni kuombwa nywila upya. Kila alichoandika kwenye ukurasa huo kimekwenda.

Mtego wa pili ni kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari. Kwenye tovuti ya habari kitufe hicho hakina madhara. Kwenye fomu, kinaweza kufuta ukurasa mzima. Ni salama zaidi kutumia vitufe vya kwenda mbele na kurudi vilivyomo ndani ya fomu yenyewe.

Mtego wa tatu ni mtandao wenyewe. Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika na kusababisha intaneti kuyumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku ya namna hiyo, mtu wa Kidodi anaweza kuwa na kompyuta nzima na umeme wa kutosha, lakini kitufe chake cha kuhifadhi hakifiki kokote.

Kuhusu umeme, jirani na Kidodi lipo bwawa la Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, lenye kituo cha kufua umeme cha megawati 204 kilichoanza kazi mwaka 1975. Lakini kukaa karibu na chanzo cha umeme hakumkingi mtu na kukatika kwake, kwa sababu umeme huo huingia katika gridi ya Taifa kwanza, kisha ndipo usambazwe. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo umeme ukatikapo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima humpa mtu nafasi ya kuhifadhi kabla haijazimika.

Sensa ya 2022 inatoa somo zuri katika hili. Makarani walifanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, kwa sababu majibu yalihifadhiwa kwanza ndani ya kishikwambi, kisha yakatumwa mtandao ulipopatikana. Kuhifadhi na kutuma vilitenganishwa kwa makusudi. Mwombaji wa kawaida naye anaweza kuiga hekima hiyo: andika maelezo marefu kwanza kwenye faili la kawaida la maandishi, lihifadhi, kisha nakili na kubandika kwenye fomu ya tovuti. Mtandao ukikatika, maelezo yamebaki.

Mfano wa mkopo wa elimu ya juu

Hakuna fomu inayogusa familia nyingi za wakulima kama ile ya mkopo wa elimu ya juu. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka na kudumu kwa wiki kadhaa. Atakayechelewa husubiri mwaka mwingine, au hutafuta ada kwa kuuza alichonacho.

Kwa miaka ya karibuni utaratibu umekuwa na hatua zinazofuatana. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hulipa ada ya maombi kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo, na hujaza taarifa zake, za wazazi na za mdhamini. Kisha huchapa fomu, huipeleka kwa viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu ili ithibitishwe, huskani kurasa zilizosainiwa na kuzipakia kwenye mfumo, ndipo hutuma.

Ukiutazama mlolongo huo kwa makini, utaona kwamba fomu hutoka mtandaoni, ikawa karatasi, kisha ikarudi mtandaoni. Katikati ya safari hiyo mwombaji wa Kidodi humtafuta mtendaji wa kijiji, mdhamini mwenye kitambulisho, na wakili ambaye hapatikani kila kijiji. Siku kadhaa hupita. Akaunti iliyofunguliwa wiki iliyopita lazima ifunguliwe tena, pengine kwenye kompyuta nyingine, na mtu mwingine akiwa nyuma ya meza.

Hapo ndipo kosa la kwanza hujitokeza: kudhani kwamba kulipa ni kutuma. Ujumbe wa simu unaothibitisha malipo huleta faraja, lakini huthibitisha malipo tu. Fomu bado iko katikati ya njia.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kuchapa ni kutuma. Karatasi yenye nembo ya taasisi na picha ya mwombaji huonekana kama hati iliyokamilika, wakati kwa kweli ni nakala ya kusainiwa ambayo inasubiriwa irudi.

Kosa la tatu ni kupakia kurasa zisizosomeka. Picha iliyopigwa kwa simu kwenye kivuli, au ukurasa ulioskaniwa ukiwa umekatika upande wa saini, huweza kukubaliwa na mfumo lakini ukakataliwa na mhakiki. Katika baadhi ya miaka Bodi imefungua kipindi cha kurekebisha kasoro kama hizo, lakini si busara kupanga safari ya elimu kwa kutegemea huruma hiyo. Kila mwombaji anapaswa kusoma mwongozo wa mwaka husika, kwa kuwa masharti huweza kubadilika.

Herufi moja, nafasi moja

Kompyuta haina hiari ya kukisia. Karani wa zamani aliweza kuona kwamba "Mohamedi" na "Mohamed" ni mtu mmoja, akatikisa kichwa na kuendelea. Mfumo huona watu wawili.

Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye cheti cha kidato cha nne na kwenye kitambulisho cha Taifa linapaswa kufanana herufi kwa herufi. Pale lisipofanana, marekebisho hayo hufanyika kwenye taasisi zilizotoa hati hizo na huhitaji muda, hivyo hayawezi kusubiri wiki ya mwisho ya maombi. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa upande wa Tanzania Bara, na uhakiki huo nao huombwa mtandaoni.

Namba nazo zina siri zake. Namba ya Utambulisho wa Taifa itolewayo na NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa Machi 5, 2004 namba yake huanza na 20040305. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe, soma tarakimu hizo nane na uzilinganishe na tarehe yako. Zikitofautiana, ama umekosea kuandika, ama kuna tatizo la kushughulikia NIDA.

Mafaili ya kupakia nayo huwekewa kikomo cha ukubwa na aina. Cheti kilichoskaniwa kwa rangi na ubora wa juu kabisa hutoa faili zito ambalo mfumo hulikataa. Ni vema kumwomba mtoa huduma askani kwa ubora wa kati, ahifadhi kama PDF, kisha alifungue faili ili lionekane kabla ya malipo. Jina la faili liwe na maana, kama vile "cheti-kidato-cha-nne", badala ya rundo la tarakimu zinazotolewa na mashine. Aliyepakia cheti cha kuzaliwa mahali pa barua ya mdhamini mara nyingi aliponzwa na majina yasiyoeleweka.

Akaunti ni ya nani?

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni umiliki wa akaunti.

Kwa kuwa waombaji wengi hawana barua pepe, baadhi ya watoa huduma wa stesheneri huwafungulia akaunti kwa kutumia anwani ya duka na nywila moja kwa wateja wote. Nia yaweza kuwa njema na kazi ikaenda haraka. Lakini baada ya siku hiyo, kila ujumbe unaomhusu mwombaji, ukiwamo wa kumtaka arekebishe kasoro au ahudhurie usaili, huenda dukani. Duka likifungwa, au kijana aliyekuwa akihudumu akihamia mjini, mwombaji hana tena njia ya kuifikia fomu yake mwenyewe.

Isitoshe, kompyuta ya duka hutumiwa na kila mtu. Faili la fomu lililoachwa juu ya kioo chake lina jina, namba ya kitambulisho, saini, picha na namba za simu za familia nzima. Ni mali inayotosha kumwezesha tapeli kufanya kazi yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Lakini ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa mwenye taarifa. Kabla ya kuinuka kitini, mwombaji anapaswa kuhamishia mafaili yake kwenye flashi au kujitumia kwa barua pepe yake, kuyafuta kwenye kompyuta ya duka pamoja na kwenye kapu la taka, kukataa kivinjari kinapouliza iwapo kikumbuke nywila, na kutoka kwenye akaunti kwa kitufe cha kutokea. Kufunga ukurasa tu hakutoshi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kifupi, anayekwenda kujaza fomu ya kielektroniki azingatie yafuatayo:

Kwanza, aandae kila kitu kwenye karatasi kabla ya kukaa mbele ya kompyuta. Majina kamili, tarehe, namba za mitihani, namba ya kitambulisho na maelezo ya mdhamini viwe vimeandikwa daftarini. Muda wa dukani hulipiwa, na mfumo nao una saa yake isiyoonekana.

Pili, afungue barua pepe yake mwenyewe kwa simu yake, na nywila aiandike mahali salama nyumbani.

Tatu, ahifadhi kila anapomaliza ukurasa, asisubiri mwisho.

Nne, afanye jaribio la kutoka na kuingia tena ili kuona kama kilichohifadhiwa kipo kweli.

Tano, asome fomu yote kwa sauti ndogo kabla ya kutuma, ikiwezekana pamoja na mtu wa pili, kwa kuwa baada ya kutuma mifumo mingi haimruhusu mtu kubadili kitu.

Sita, asiondoke bila ushahidi. Mfumo ukishapokea fomu huonyesha ujumbe, au hubadili hali ya ombi, au hutoa namba ya kumbukumbu. Ukurasa huo uchapwe au upigwe picha kwa simu, siku na saa zikionekana.

Saba, asingoje siku ya mwisho. Siku hiyo seva huelemewa na waombaji wa nchi nzima, na mwenye mtandao hafifu ndiye huumia kwanza.

Mzigo usiwe wa mwananchi peke yake

Pamoja na yote hayo, si haki kumtwika mwananchi mzigo wote. Fomu nzuri humlinda anayeijaza. Teknolojia ya kuhifadhi maandishi yenyewe kila baada ya sekunde chache ipo kwa miaka mingi, na haigharimu mfumo wa taifa kitu kikubwa. Vivyo hivyo kumwonya mtumiaji dakika mbili kabla ya kumtoa nje, au kumtumia ujumbe wa simu wenye maneno machache: "Fomu yako imehifadhiwa lakini haijatumwa."

Lugha nayo ni kikwazo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Istilahi za kompyuta nazo hazijakosekana. Tangu Desemba 2004, mradi uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, ambamo mtumiaji alikutana na maneno ya lugha yake kwenye vitufe. Iwapo hilo liliwezekana miaka ile, ni vigumu kueleza kwa nini fomu ya umma ijazwayo na mtoto wa mkulima wa miwa iendelee kumtahini Kiingereza kabla ya kumtahini sifa zake.

Aidha, halmashauri na shule za sekondari zina nafasi ya kusaidia. Baada ya sensa ya 2022 vishikwambi viligawiwa kwa walimu. Saa mbili za mafunzo kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita, zikitumia fomu ya majaribio ya kujaza, kuhifadhi, kufunga na kufungua tena, zingeokoa nauli nyingi za kwenda na kurudi Mikumi. Watendaji wa vijiji nao wangeweza kubandika kwenye mbao za matangazo tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa madirisha ya maombi, kama wanavyobandika matangazo ya mikutano.

Serikali mtandao imekusudiwa kuwaondolea wananchi safari na foleni, na kwa kiasi kikubwa imefanya hivyo. Lakini faida hiyo itamfikia mwananchi wa Kidodi pale tu atakapokuwa na uhakika kwamba alichoandika kimehifadhiwa, kwamba alichohifadhi kimetumwa, na kwamba anao ushahidi wa yote mawili mkononi.